Dini na Serikali Katika Skuli na Mahkama Zetu: Kipi Kimetenganishwa na Kipi Hakikutenganishwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Suala hili hutufikia kwa sura nyingi. Baba anauliza: "Sheikh, tunaambiwa Serikali haina dini, basi Kadhi analipwa mshahara na nani?" Mama anauliza kama karatasi ya fatwa aliyopewa msikitini inatosha kumtoa katika ndoa. Kijana wa chuo kikuu anadai kwamba nchi isiyofungamana na dini haipasi kusomesha dini skuli. Wote hawa wanauliza jambo moja: mpaka baina ya dini na Serikali umepita wapi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi nyuma alinijia mwanamke pamoja na mama yake. Mumewe alisafiri, akakata habari, na kwa zaidi ya miaka mitatu hakuleta hata shilingi. Nikamsikiliza, nikamwambia: "Mwanangu, Sharia haikukufungia mlango. Mke aliyeachwa bila ya matunzo ana haki ya kudai faskhi." Mama yake akaomba niyaandike maneno hayo ili wayapeleke kwa wazee wa upande wa mume. Nikaandika, nikatia saini. Sikuandika kwamba faskhi yenyewe hufanywa na Kadhi. Nilidhani wanajua.

Hawakujua. Waliihesabu karatasi ile kuwa ndiyo faskhi. Binti akakaa edda, akaposwa, na maalim mmoja akamuozesha kwa kuitegemea saini yangu. Mume wa mwanzo aliporudi alimkuta mkewe yumo nyumbani kwa mtu mwengine, na ana mtoto mchanga. Kisharia ndoa ya kwanza ilikuwa haijavunjika hata siku moja. Shauri lilikwenda kwa Kadhi. Yule mwanamke akatenganishwa na mume wa pili, nasaba ya mtoto ikahifadhiwa kwa sababu wazazi wake walioana kwa shubha bila ya kukusudia haramu, na ndoa ya mwanzo ikavunjwa kwa njia yake. Aliponiona siku ile alinambia neno moja tu: "Sheikh, ungenambia niende Mahkamani, ningekwenda."

Kwa ajili ya neno hilo naandika makala hii. Kuujua mpaka baina ya dini na Serikali kunaweza kuinusuru nyumba ya Muislamu, na kutoujua kunaweza kuivunja.

Maana ya "nchi isiyofungamana na dini"

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, katika ibara ya 3, inaeleza kuwa Jamhuri ya Muungano haifungamani na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda uhuru wa mtu kuamini na kuabudu.

Wapo wanaofahamu kuwa maana yake ni nchi ya watu wasio na dini, au nchi inayoipiga vita dini. Ufahamu huo si sahihi. Kutofungamana ni Serikali kutoifanya dini fulani kuwa dini ya dola, na kutomlazimisha raia kuifuata au kuiacha. Raia mwenyewe anabaki na dini yake, anaswali, anafunga, anaoa na anarithi kwa dini yake.

Nchi zinazosema zimetenganisha dini na Serikali hazikutenganisha kwa namna moja. Marekani, kwa mabadiliko ya kwanza ya Katiba yao ya mwaka 1791, Serikali imekatazwa kusimamisha dini na imekatazwa pia kumzuia mtu kufuata dini yake. Mwaka 1962 Mahkama Kuu ya nchi hiyo ilikataza maafisa wa Serikali kutunga dua ya kusomwa katika skuli za umma za New York. Lakini mwanafunzi mwenyewe hakukatazwa kuomba Mola wake. Mwaka 2005 mahkama hiyo ilikataa maonesho ya Amri Kumi yaliyotundikwa katika majengo ya mahkama huko Kentucky, na siku hiyohiyo ikaruhusu nguzo yenye Amri Kumi ibaki katika viwanja vya bunge la jimbo la Texas. Hata kwao, basi, mpaka huu haukuchorwa kwa rula.

Ufaransa wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 1905 ilitenganisha dini na dola, na sheria ya 2004 ikawakataza wanafunzi wa skuli za umma kuvaa alama za dini zilizo wazi, hijabu ikiwa miongoni mwao. Kule mtoto wa Kiislamu huvua mtandio wake mlangoni mwa skuli.

Sisi hatuko kama Marekani wala kama Ufaransa. Visiwani kwetu Serikali ile ile ambayo katika Muungano haifungamani na dini, ina Mahkama ya Kadhi, ina Ofisi ya Mufti, ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na skuli zake zinasomesha dini. Mambo haya mengi hayakuhamishiwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano, ndiyo maana Zanzibar ina utaratibu wake. Lakini mpaka upo. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC) mwishoni mwa 1992, na ikajitoa mwaka 1993, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano na Muungano haufungamani na dini.

Mpaka huu si mgeni katika fiqhi

Baadhi ya ndugu zetu huona kwamba kutenganisha baina ya kazi ya sheikh na kazi ya dola ni jambo lililoletwa na wakoloni. Atakayerejea vitabu vya wanazuoni ataona kwamba wao walitangulia kulipambanua.

Imam Shihabuddin al-Qarafi, mwanazuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285), aliandika kitabu kizima, *al-Ihkam*, kubainisha tofauti baina ya fatwa, hukumu ya kadhi na matendo ya kiongozi wa nchi. Kwa muhtasari, mufti anaeleza hukumu ya Allah kama alivyoifahamu, na muulizaji halazimishwi na dola kuifuata. Kadhi anasikiliza pande mbili, anapima ushahidi, kisha anatoa hukumu inayolazimu na inayokata mzozo. Kiongozi naye anaendesha maslahi ya watu wote, kama kukusanya mali ya umma na kulinda nchi.

Tofauti hii ina sababu. Mufti anasikia upande mmoja. Mwanamke akinambia mumewe hamtunzi, mimi namjibu kwa mujibu wa alivyosema. Sina uwezo wa kumwita mume, wala wa kuwaapisha mashahidi. Katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitutanabahisha kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba mmoja wa wagombanao huenda akawa na ulimi mwepesi kuliko mwenzake, basi atakayehukumiwa haki isiyo yake asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Ikiwa hilo limesemwa kuhusu hukumu iliyosikilizwa pande mbili, itakuwaje fatwa iliyosikilizwa upande mmoja?

Wanazuoni wakubwa pia walijihadhari na dini kumezwa na dola. Imam Abu Hanifa alikataa kushika ukadhi kwa amri ya Khalifa al-Mansur, na akapata mateso kwa hilo. Imam Malik imepokewa kwamba alikataa pendekezo la kuwalazimisha watu wote wafuate kitabu chake, *al-Muwatta*, kwa sababu Masahaba walitawanyika mijini na kila watu walikuwa na elimu iliyowafikia. Hawa hawakuwa wapinzani wa dini kuongoza maisha. Walijua tu kwamba elimu ikishikwa na mkono wa mtawala peke yake, huharibika.

Mahkama ya Kadhi: ilikotoka na ilipo

Zama za masultani Zanzibar ilikuwa na makadhi wa Kisunni wa madhehebu ya Shafi na makadhi wa Kiibadhi, na kadhi alikuwa akisikiliza mambo mengi kuliko leo. Visiwa hivi vilikaliwa na makadhi ambao elimu yao ilijulikana hadi ng'ambo, kama Sayyid Ahmad bin Sumeyt aliyefariki mwaka 1925. Baadaye alikuja Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi hapa kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, mamlaka ya makadhi yalipunguzwa hatua kwa hatua. Jinai na biashara zikaenda kwa mahkama nyengine, na kadhi akabakishiwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wake. Kwa hiyo ule mpaka tunaouona leo ndani ya majengo ya mahkama ulichorwa kwa kiasi kikubwa wakati ule.

Baada ya Mapinduzi, Mahkama ya Kadhi ilisimama upya kwa Sheria Namba 3 ya 1985, na sasa inaongozwa na Sheria Namba 9 ya 2017. Mambo ya kuyahifadhi ni haya:

1. Mahkama ya Kadhi ni mahkama ya Serikali. Kadhi analipwa na Serikali, na hukumu yake inakaziwa kwa nguvu ya dola. Sheria anayohukumia, hata hivyo, ni Sharia ya Kiislamu.

2. Inasikiliza mambo ya hali ya mtu binafsi: ndoa, talaka, khului, faskhi, matunzo, mirathi na yanayofanana nayo, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu. Sheria ya 2017 imempa Kadhi pia nafasi ya kusikiliza madai ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja.

3. Haisikilizi jinai. Mume akimpiga mkewe, kipigo ni kosa la jinai na mlango wake ni polisi na mahkama za kawaida, hata kama talaka itadaiwa kwa Kadhi. Asije mtu akamwambia mwanamke aliyejeruhiwa kwamba shauri lake ni la Kadhi peke yake.

4. Asiyeridhika hukata rufaa kwa Kadhi wa ngazi ya rufaa, kisha Mahkama Kuu ya Zanzibar, ambako wanazuoni wa Kiislamu hushiriki pamoja na jaji. Hapo ndio mwisho. Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar, mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahkama ya Kadhi hayaendi Mahkama ya Rufani ya Tanzania.

Jambo hili la nne wengi hawalijui, nalo ni kubwa. Mahkama ya juu kabisa ya Muungano, ambayo haifungamani na dini, imezuiliwa isiingie katika kufasiri Sharia kwa mambo yaliyoanzia kwa Kadhi. Utaratibu wetu, basi, unailinda Serikali na dini, na unailinda dini na Serikali.

Nani anafanya nini

Mitaani kwetu majina haya huchanganywa, na mchanganyiko huo ndio unaowapotezea watu haki.

*Sheikh wa msikiti na maalim wa chuo.* Anafundisha, ananasihi, anasuluhisha kwa ridhaa ya pande mbili. Hawezi kuvunja ndoa ya watu wala kumlazimisha mtu kulipa.

*Mufti.* Ofisi yake ilianzishwa kwa Sheria ya Mufti ya mwaka 2001. Anateuliwa na Rais. Anatoa fatwa, anasuluhisha, na anaratibu mambo ya Waislamu. Sheria hiyo ilipokuja palikuwa na mjadala mkali miongoni mwa Waislamu wenyewe: wapo walioona inawaunganisha, na wapo waliohofia kwamba Serikali imeingia ndani ya mihadhara na misikiti. Hofu ile haikuwa ngeni, kwani tumeshaona Imam Malik alivyojihadhari. Pamoja na yote, fatwa ya Mufti inabaki kuwa fatwa. Haivunji ndoa.

*Kadhi.* Yeye ndiye mwenye kuhukumu na kulazimisha katika mambo tuliyoyataja.

*Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.* Inasimamia wakfu na mali za amana, na inashughulikia mirathi ya Waislamu. Palipo mzozo wa nani ni mrithi, shauri huenda mahkamani.

*Sheha.* Ni kiongozi wa Serikali katika shehia. Anawajua watu wake, barua yake huhitajika katika mambo mengi, na usuluhishi wake una kheri. Lakini sheha hatoi talaka na hagawi mirathi.

*Mahkama za kawaida.* Husikiliza jinai, mikataba na madeni, na migogoro ya ardhi ina mahkama yake. Humo jaji au hakimu anaweza kuwa si Muislamu, na shahidi huapa au kuthibitisha kwa mujibu wa dini yake. Kiapo ni amana mbele ya Allah popote kitakapoapwa. Asidhani mtu kwamba uongo katika mahkama isiyokuwa ya Kadhi ni mdogo zaidi.

Ukivuka maji, sheria hubadilika

Familia nyingi za visiwani zina jamaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Ni wajibu kujua kwamba utaratibu wa huko si huu wetu.

Tanzania Bara haina Mahkama ya Kadhi yenye nguvu ya dola. Mfumo wa mahkama za namna hiyo uliondoshwa mwaka 1963. Waislamu wa huko wamelidai jambo hili kwa miaka mingi, likatajwa katika ilani ya uchaguzi ya CCM ya 2005, na mswada uliogusa hukumu za kadhi ukaondolewa bungeni mwaka 2015. Bara inatumika Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Kwa sheria hiyo, aliyetamka talaka anahitaji kupitia baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahkama ya kawaida, ili talaka itambuliwe na dola. Katika mali ya wanandoa, Mahkama ya Rufani ilikubali mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango.

Mwanamke wa Pemba aliyeolewa Dar es Salaam na kuachwa kwa maneno tu, anaweza kuwa ameachika kisharia na huku katika vitabu vya nchi bado ni mke wa mtu. Asikae na hali hiyo.

Kenya, Mahkama za Kadhi zimo ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 170, kwa ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa na Kadhi. Mizizi yake inafika kwetu: mwaka 1963, ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ulipounganishwa na Kenya, palikuwa na makubaliano ya kuwahifadhia Waislamu makadhi wao.

Katika skuli

Wazee wetu zama za ukoloni walisita kuwapeleka watoto katika skuli za Serikali kwa kuchelea watapotea katika dini yao. Kusita huko kulipungua Qur'ani ilipoingizwa katika skuli hizo. Kipindi cha dini tulichonacho leo, basi, kilitokana na msimamo wa wazazi waliotaka mtoto wao apate elimu mbili.

Hivi sasa skuli za Serikali Zanzibar zinasomesha Dini ya Kiislamu na lugha ya Kiarabu, na kwa mtoto wa Kiislamu somo la dini ni la lazima. Mtoto asiyekuwa Muislamu hashurutishwi. Katika mitihani ya sekondari inayosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, Elimu ya Dini ya Kiislamu ni miongoni mwa masomo. Bara, dini inaweza kusomeshwa katika skuli za Serikali, lakini mara nyingi huwategemea walimu wa kujitolea na utaratibu wa skuli yenyewe.

Nawakumbusha wazazi mambo matatu.

La kwanza, kipindi cha skuli hakitoshi. Mtaala wa skuli unapangwa na Wizara, unapimwa kwa mtihani na unaishia kwenye cheti. Mtoto anaweza kupata alama ya juu katika somo la dini naye haswali. Amri ya kuwakinga watu wa nyumba na moto, katika Suratut Tahrim aya ya 6, wameelekezwa walioamini wenyewe, haikuelekezwa Wizara. Chuo cha Qur'ani cha jioni na mzazi anayeswali mbele ya mtoto wake havina badali.

La pili, tusimlazimishe mtoto wa mwenzetu. Skuli zetu wanasoma watoto wa Kikristo, wengi wao wazazi wao wamekuja kufanya kazi hapa. Kumkalisha kwa nguvu katika kipindi cha dini, au kumdhihaki kwa kutoka, ni kinyume cha maana ya Suratul Baqara aya ya 256, inayokataza kulazimishana katika dini. Ni kinyume pia cha sheria ya nchi. Na hebu tujiulize: tungependa binti zetu wanaosoma Ufaransa au katika skuli za kanisa wafanyiweje?

La tatu, hijabu. Kwetu mtandio ni sehemu ya sare kwa wasichana wa Kiislamu, na tumeuzoea hata hatuuoni kuwa ni neema. Kenya, Mahkama ya Rufani iliruhusu mwaka 2016 wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika skuli moja iliyofadhiliwa na kanisa, na Mahkama ya Juu ikautengua uamuzi huo Januari 2019. Mzazi anayempeleka mtoto skuli nje ya visiwa aulize mapema kuhusu sare, swala na chakula. Kuuliza kabla ya kulipa ada ni wepesi kuliko kugombana baadaye.

Masuali yanayoulizwa sana

*Mume wangu ameniandikia talaka kwa simu. Je, nimeachika?*

Katika madhehebu ya Shafi, talaka iliyoandikwa huangaliwa nia ya mwandishi. Usijiamulie mwenyewe, wala usiamuliwe na majirani. Hifadhi ujumbe huo, nenda Mahkama ya Kadhi ili mume aitwe na aulizwe, na talaka ithibitishwe na isajiliwe. Tarehe ya talaka ndiyo inayohesabiwa edda, na edda haichezewi.

*Mume hajulikani alipo na haleti matunzo. Je, sheikh wetu anaweza kunifasikhia?*

Hapana. Wanazuoni wamekhitalifiana katika sharti za faskhi ya namna hii, na kwa sababu hiyo inahitaji Kadhi aangalie ushahidi na atoe hukumu. Kabla ya hukumu hiyo wewe ni mke wa mtu, hata ipite miaka kumi.

*Tumekubaliana ndugu kugawana mirathi nyumbani. Kuna ubaya?*

Warithi wote wakiwa watu wazima, wakajua kila mmoja fungu lake, wakaridhiana bila ya kushinikizwa, hakuna ubaya. Madeni na wasia vitangulizwe. Akiwemo mtoto mdogo, hakuna mwenye haki ya kumsamehea fungu lake. Dada aliyenyamaza kwa kumuonea haya kaka yake hajaridhia. Na makubaliano yaandikwe: Allah ametuamrisha kuandika deni katika Suratul Baqara aya ya 282, seuze nyumba na shamba la mikarafuu.

*Ni dhambi kudai deni langu katika mahkama isiyokuwa ya Kadhi?*

Kudai haki yako katika mlango uliopo si dhambi. Dhambi ni kudai kisicho chako, au kuchukua ulichohukumiwa huku ukijua si haki yako.

*Nimepewa hukumu na Kadhi lakini sikuridhika. Je, nitafute fatwa nyengine?*

Fatwa haitengui hukumu. Njia yako ni rufaa, na rufaa ina muda wake. Uliza kwa karani wa mahkama siku hiyohiyo.

Hitimisho

Ndugu yangu Muislamu, Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa aya ya 58 ameamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, na wenye kuhukumu wahukumu kwa uadilifu. Amana ya sheikh ni elimu sahihi na kusema "hili si langu" pale lisipokuwa lake. Amana ya Kadhi ni uadilifu baina ya mume na mke, kaka na dada, tajiri na maskini. Amana ya Serikali ni kukazia haki bila ya kuingilia imani ya mtu. Amana ya mzazi ni kutowaachia walimu wa skuli kazi aliyopewa yeye na Mola wake.

Mimi tangu siku ile sitoi karatasi ya fatwa katika mambo ya ndoa ila chini yake naandika: *Hii ni fatwa, si hukumu. Ndoa haijavunjika mpaka Kadhi ahukumu.* Wakati mwengine mtu huniambia namcheleweshea jambo lake, naye amekwishakata tamaa. Namuomba radhi, na namuonesha njia ya Mahkamani. Ikibidi, nafuatana naye hadi mlangoni.

Tunamuomba Allah atufahamishe dini yetu, atuhifadhie nyumba zetu na watoto wetu, na awape uadilifu wanaohukumu baina yetu. Amin.

Wallahu a'lam.